Mkwe Aliyegeuka Mtoto wa Nyumba

Nkulu, katekista wa parokia, alimkuta Bilonda sokoni Manika, mtaa wa Kolwezi, mbele ya beseni lake la karanga, akimpimia mteja kwa kopo. Alisimama kando akingoja mteja aondoke. Mwenye habari njema hangoji. Bilonda alipoona jinsi alivyoishika kofia kwa mikono miwili alijua ni kifo, akabaki kujiuliza tu ni cha nani.

"Mama Bilonda, misioni ya Kasaji imeita paroko kwa fonia leo asubuhi," Nkulu alisema. Fonia ni ile redio ya mapadri, na kwa miji isiyo na simu ndiyo mdomo pekee. "Banasema mukwe wabo Kalombo amekufa jana. Bandugu yake bakuye kumuosha. Bao ni bakwe, habawezi kumugusa."

"Banasema nani?"

"Kalombo, mama."

"Habakusema Kabemba?"

"Hapana. Padri aliuliza mara mbili. Banasema Kalombo."

Ndipo Bilonda akacheka, kicheko kifupi kisichomfaa mtu aliyefiwa na kaka yake, hata wauza samaki wa jirani wakageuka kumtazama. Kwa miaka kumi na moja watu wa Kasaji walimwita marehemu kwa jina lao, Kabemba, mwana wa Kabemba. Sasa amekuwa maiti, na ghafla wamekumbuka jina alilopewa na baba yake. Akiwa na mshahara ni mtoto wa nyumba, akikata roho ni mkwe.

Lakini ujumbe wenyewe ulikuwa mzito. Kwa watu wa pande hizi mkwe haguswi. Baba mkwe hali naye sahani moja, mama mkwe hamwoni akioga, na hata akifa hakuna wa upande wa mke anayeweza kumvua nguo. Maiti yake huoshwa na watu wa ukoo wake, wanaume, na mpaka wafike mlango wa chumba unabaki umefungwa. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao jua la Lualaba linachoma kabla mvua haijaamua kushuka, na Kasaji hakuna nyumba ya baridi ya kuhifadhia wafu. Kama Bilonda na mdogo wake Louis wasingekwenda, na kwenda upesi, Kalombo angeviringishwa mkekani bila kuoshwa na kufukiwa kama mtu aliyeokotwa njiani. Haja ilikuwa hiyo moja tu: waende, au wamwache.

Louis alikuwa amerudi kutoka Mutoshi, ambako alichimba kobalti kwa sururu baada ya miaka mingi ya kuwa fundi mitambo wa Kampuni, ile ya migodi ya shaba. Vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Alimsikiliza dada yake huku akivua buti.

"Yaya, bamuoshe bale alichagua," alisema, akimwita kama mdogo anavyomwita mkubwa wake. "Mi nilishamuzikaka zamani, ile siku ya mama."

"Hata mi nilimuzikaka," Bilonda akajibu. "Lakini siku ile hakukuwa na maiti. Leo iko."

Tuseme ukweli juu ya marehemu, maana Mungu anaujua hata tukiuficha.

Kalombo alikuwa mtoto wa kwanza wa baba yao, Tata Kabeya, Mluba wa Kasai aliyeletwa Katanga na Wabelgiji angali kijana, akashushwa kwenye treni pamoja na wenzake kama magunia, akapewa blanketi na namba, akatumwa mgodini. Alifanya kazi mpaka mapafu yakamkatalia. Kabla ya kufa alimwachia mkewe, Mama Agnès, agizo moja: huyu mkubwa asome. Akasoma. Bilonda aliacha shule akiwa mwaka wa nne wa sekondari, Louis akapelekwa ufundi, ili Kalombo afike chuo kikuu. Hawakunung'unika. Waliamini kwamba msomi mmoja katika ukoo anatosha kuwafunika wote.

Alirudi na shahada ya uchumi, tai tatu na neno moja. Neno hilo lilikuwa mabadiliko. Alilila asubuhi na kulilalia usiku. Ukimwambia bei ya unga imepanda, alisema ni mabadiliko, tuyakumbatie. Ukimwambia mtoto anaumwa, alikuwa na la kusema kuhusu mabadiliko ya sekta ya afya. Kampuni ilimpa ofisi yenye pazia na nyumba katika mtaa wa wakubwa, naye akaoa Fidélie, binti wa Mzee Kabemba wa Kasaji. Ilikuwa ndoa nzuri ya kanisani. Mahari ilipelekwa na Louis mwenyewe, mbuzi wakilia juu ya lori njia nzima.

Mwathirika wake wa kwanza alikuwa bustani. Nyuma ya nyumba aliyoachiwa na Tata Kabeya, Mama Agnès alikuwa na matuta ya mahindi, viazi vitamu na sombe, mihogo ya majani ya mboga. Kalombo alisimama juu ya matuta hayo na viatu vyake vya ncha, akamweleza mama yake kwamba mtu anayefanya kila kitu hafanyi kitu. Kwamba dunia imeendelea kwa kugawana kazi. Kwamba Kampuni inampa Louis mposho wa unga kila mwezi, hivyo jembe ni ukaidi wa kizamani. Afadhali ajenge pale vyumba vya kupangisha. Mama Agnès, ambaye hakujua kwamba mtu anaweza kusoma sana na bado akawa mjinga, aling'oa sombe yake. Kuta za vyumba zilifika kwenye madirisha zikakomea hapo. Haukupita muda mrefu mgodi mkubwa uliporomoka, shaba ikapungua, mposho ukaanza kuchelewa, kisha ukakoma kabisa. Yule mama aliyekuwa akigawia majirani sombe bure akawa anainunua sokoni kwa fungu. Alipomwuliza mwanawe imekuwaje, Kalombo alijibu kwamba ushauri wake ulikuwa sahihi, ila mazingira yamebadilika.

Hapo ndipo Bilonda alipoanza kumwelewa kaka yake. Mganga wa mvua akikosea huona haya, akahama kijiji. Mwanauchumi akikosea huitisha mkutano.

Na mikutano aliitisha. Katika ukumbi wa Kampuni aliwakusanya wafanyakazi ambao hawajalipwa, akawaeleza kwamba mabadiliko ni kama treni: anayepanda anafika, anayesimama relini anapondwa. Waliokaa viti vya mbele walipiga makofi kwa sababu wakuu walikuwa wanatazama. Mzee mmoja wa idara ya umeme aliomba kuelezwa wafanye nini wale ambao treni haiwachukui. Kalombo alimjibu kwa Kifaransa kirefu. Mzee akashukuru na kukaa, na jirani yake akamwuliza kwa sauti ya kusikika kama sasa amepata tiketi.

Kisha treni ikaja kweli. Vijana wa chama cha siasa cha wenyeji walianza kupita mitaani wakiimba kwamba watu wa Kasai ni bilulu, wadudu, na wadudu hufagiliwa. Watu waliozaliwa Kolwezi, waliobatizwa Kolwezi, ambao Kasai waliijua kwa kusimuliwa tu, waliamka na kukuta milango yao imevunjwa. Kazini majina yalibandikwa ukutani, na Mkasai aliyekuta lake alirudisha vifaa na kutoka. Louis alitoka. Ilikuwa dhahiri kwamba wiki hiyo au inayofuata Kalombo naye angetoka.

Jumapili moja baada ya Misa alikuja kwa mama yake. Hakukaa. Alisema amepata suluhisho. Mzee Kabemba, baba mkwe wake, amekubali kumwandikisha kama mwanawe wa kumzaa. Kuanzia sasa yeye si Kalombo, ni Kabemba, amezaliwa Kasaji, Kasai hana mtu.

Mama Agnès alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua macho.

"Kabemba njo baba yako sasa?"

"Kwa karatasi tu, mama."

"Na Fidélie ni mutoto wa nani?"

Kalombo alinyoosha tai yake.

"Basi umeoa dada yako," mama akasema, na kuendelea kuchagua maharagwe.

Louis, ambaye siku hizo hakuwa na sababu nyingi za kucheka, alicheka mpaka akashika ukuta. Aliuliza kama ile mahari sasa itarudishwa, au mbuzi nao wamebadilika.

"Mama, ile ni desturi," Kalombo alisema. "Uchumi haujue mambo ya bashemeji. Mutu anatazama nini inamubakia mukononi."

"Na mi, nini inanibakia mukononi?"

Kalombo alitazama saa yake, akasema ana mkutano.

Kosa hilo hata mlevi wa Manika asingelifanya. Mlevi anaweza kusahau nyumba yake, lakini hasahau yupi ni mke na yupi ni dada. Msomi wetu alitafuta baba kwa pupa hivi kwamba hakukumbuka kuwa baba huyo tayari ana binti, na binti huyo analala kitandani mwake. Na Mzee Kabemba je? Ni yule yule aliyewahi kumtoza kijana wa watu faini ya kuku kwa sababu alipita mbele ya mama mkwe wake bila kuinama. Mwenyewe hakuwa mwenyeji wa Kasaji. Alitoka kaskazini kwa kazi ya reli akalowea pale. Lakini alikuwa na wana wawili wasio na kazi, na Kalombo alikuwa na ofisi yenye pazia. Desturi ikawekwa kabatini. Wana wote wawili walikuwa wameajiriwa na Kampuni kabla ya mvua kwisha.

Bilonda, Louis na mama yao walikwenda kwenye gare, stesheni ya treni, kama wengine. Watu walilala kando ya reli na katika madarasa ya shule ya jirani, chini ya shuka na vipande vya bati, wakingoja treni iliyokuja ilipotaka. Mvua ilinyesha juu ya magodoro. Watoto walikufa kwa surua. Mama Agnès alishikwa na kuhara, na mwili wake, uliokuwa mdogo tangu zamani, ukapungua mpaka Bilonda akawa anambeba kama mtoto kumpeleka chooni.

Alipoanza kumwita mwanawe wa kwanza, Bilonda alitembea mpaka mtaa wa wakubwa. Kalombo alikuwa mbele ya geti lake na wanaume wawili wa ofisini. Alimwona dada yake akija kutoka mbali. Haiwezekani kwamba hakumwona.

"Yaya, mama anakufa," Bilonda alisema. "Anakuita."

Kalombo alimgeukia mlinzi wa geti. "Huyu mama amekosea mulango," alisema. "Mupatie maji ya kunywa, aende."

Mlinzi alileta maji katika kikombe cha bati. Bilonda hakuyanywa. Alirudi gare kwa miguu, na njiani hakulia, kwa sababu barabarani kulikuwa na vijana wa chama na hakutaka kuwapa raha hiyo. Petro alimkana Bwana wake mbele ya moto, lakini jogoo alipowika alitoka nje akalia kwa uchungu. Kalombo alimkana mama yake mbele ya geti, akaingia ndani kula.

Mama Agnès alikufa kabla treni haijafika. Alizikwa hapo kando, katika shimo ambalo Louis na wanaume wengine walilichimba kwa ajili ya watoto wa surua, na padri aliyebariki shimo hilo alikuwa anabariki mengine mawili jioni ile ile. Kisha treni ikaja, ikawabeba mpaka Mwene-Ditu, Kasai. Huko, kwa ndugu ambao hawajawahi kuwaona, waliitwa Wakatanga na kuchekwa kwa Kiswahili chao. Miaka ikapita, hasira za Kolwezi zikapoa, wakarudi. Nyumba ya Tata Kabeya ilikuwa inakaliwa na yule yule aliyevunja mlango wake, na Jumapili aliwapa mkono wa amani wakati wa Misa bila hata kupepesa jicho. Wakapanga vyumba Manika. Bilonda akaanza biashara ya karanga.

Kalombo hawakumtafuta. Wakasikia tu habari zake, kwamba Bwana Kabemba amepanda cheo, Bwana Kabemba amekwenda semina. Halafu Kampuni ikaishiwa pumzi, ikaamua kuwaaga maelfu ya wafanyakazi wake. Ni nani aliyesimama ukumbini kuwaeleza kwamba kupoteza kazi ni mlango wa fursa? Ni yeye. Aliwaambia wazee wenye mgongo uliopinda kwamba sasa watakuwa wajasiriamali. Alipomaliza, akateremka jukwaani na kukabidhiwa barua yake. Waliokuwapo wanasema aliisoma akasimama pale pale na tai yake, na hakuna aliyempisha kiti.

Baada ya hapo ndipo alipokumbuka njia ya Manika. Alikuja kwa Bilonda mchana, amekonda, shati safi, mkoba chini ya kwapa. Bilonda alimpikia bukari, ugali wa huku, kwa sababu Bwana alisema adui yako akiwa na njaa mlishe, na hakusema lazima uketi naye. Kalombo alikula vizuri. Alishauri karanga ziachwe, soko lake limefika kikomo, afadhali wafungue pamoja ofisi ya kuwashauri wachimbaji wadogo. Alikuwa tayari na jina la ofisi na rangi ya kibao.

Bilonda alingoja ataje neno moja juu ya gare. Hakulitaja. Mwishowe akamwuliza yeye. Kalombo alifuta midomo, akamweleza kwa upole, kama mwalimu, kwamba katika uchumi gharama iliyokwisha kutumika haihesabiwi tena. Mwenye akili hatazami nyuma, anatazama hatua inayofuata.

"Mama njo gharama?" Bilonda akauliza.

Kalombo akasema hakumaanisha hivyo, akarudia habari ya kibao. Bilonda alitoa sahani mezani. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona akiwa hai. Nyumba ya Kampuni ilipochukuliwa alihamia Kasaji kwa wakwe zake, ambao walikuwa baba na mama yake kwa karatasi, na huko shinikizo la damu likamwangusha.

Sasa, jioni ya habari ile, Bilonda alipanga vitenge viwili na rozari ndani ya kikapu. Louis alimwuliza kama kweli ameamua kwenda. Alijibu kwamba anakwenda kuona kwa macho yake, basi. Louis alitukana kidogo, akaomba radhi kwa Bikira Maria, akavaa tena buti. Walipata lori la mihogo alfajiri. Bilonda alisali njia nzima. Hakuomba moyo wa kusamehe. Aliomba tu asitapike mbele za watu.

Walifika Kasaji jua likiwa bado kali. Nyumba ya Mzee Kabemba ilikuwa karibu na reli, ua mpana, watu wengi. Upande mmoja walikaa wakwe, wakilia kwa adabu, kwa mbali. Upande wa pili kilikuwa chumba chenye mlango uliofungwa, na mbele yake hapakuwa na mtu hata mmoja, kwa sababu ya desturi na kwa sababu ya harufu.

Mzee Kabemba alisimama kwa fimbo, akanyoosha mikono miwili. Aliwakaribisha wakwe zake.

"Bakwe ya nani, tata?" Louis alisema. "Sisi tumefika kukupa pole. Tumesikia umefiwa na mutoto. Mbona haujamuosha mutoto yako?"

Kilio kikakatika upande wa wanawake. Kuna aliyeziba mdomo kwa kitenge, na haikuwa kwa huzuni.

"Ile ilikuwa mambo ya karatasi, mwanangu," Mzee akasema. "Kifo hakijue karatasi."

"Kazi iliijuaka," Bilonda akasema. "Batoto yako wawili balikula kwa ile karatasi. Uliiandika na mukono yako mwenyewe. Basi muoshe na mukono yako."

Mzee Kabemba alikaa chini. Alikuwa katika mtego alioutega mwenyewe, na ua mzima ulimwona ndani yake. Akimwosha maiti kama mwanawe, basi binti yake aliishi na kaka yake, na wajukuu wake ni watoto wa aibu mbele ya Kasaji nzima. Asipomwosha, anafukia uchafu katika ardhi anayolima. Miaka kumi na moja alikuwa akiumeza uongo ule kama kwinini iliyofunikwa kwa asali. Leo asali imekwisha.

Louis alimvuta dada yake mkono. Lori la mihogo lilikuwa bado linapakuliwa. Wangeweza kurudi nalo. Walikuwa wameona walichokuja kuona.

Ndipo Fidélie akatoka ndani, kichwa wazi, akapiga magoti mbali nao kama inavyompasa mjane. Bilonda alimdharau huyu naye. Alikuwa ndani ya nyumba ile siku ya geti, na pazia lilitikisika. Nyuma ya Fidélie walisimama binti zake wawili, Abigaëlle na Shekina. Abigaëlle alikuwa na paji la uso la Tata Kabeya, pana na la kukaidi, na hakuna ofisi iliyowahi kuliandikisha kwa jina lingine.

"Yaya, mi siombe juu yake," Fidélie alisema. "Yeye alijitafutia. Mi naomba juu ya batoto. Mukirudi leo, batoto yangu habana baba, habana ukoo, bataitwa kile kitu mpaka kufa kwabo."

Bilonda alikumbuka yaliyosomwa kanisani. Tobiti alizika wafu waliotupwa nje ya kuta, bila kuuliza kama walistahili, na hakuna mahali imeandikwa kwamba aliwapenda. Hilo lilimtosha. Lakini hakuwa tayari kulifanya bure kwa faida ya Mzee Kabemba. Alisema wataosha, kwa sharti moja: Mzee asimame mbele ya watu wote aseme huyu ni nani.

Mzee alisimama. Alisema kwa sauti ya chini kwamba marehemu si mwanawe, ni mkwe wake.

"Ba kule nyuma habakusikia, tata," Bilonda akasema.

Akarudia kwa nguvu. Alisema marehemu ni Kalombo, mwana wa Kabeya na Agnès. Kwamba yeye alimpa jina lisilo lake ili wanawe wapate kazi. Kwamba leo anamrudisha kwa wenyewe. Bilonda hakumwonea huruma. Huruma yake ilikuwa na kazi nyingine siku hiyo, na haikuwa nyingi.

Bado Louis. Mwanamume wa ukoo alikuwa yeye peke yake, na bila yeye maneno yote yale yalikuwa upepo. Alisimama akitazama lori.

"Alikuitaka wewe mama mwenye kukosea mulango," alisema. "Mi nitamugusa na mukono gani?"

"Hii hii ilichimba shimo la mama," Bilonda akamjibu. "Sikia, Louis. Mi sikukuya juu anastahili. Hastahili hata maji. Lakini mama tulimuzika bila yeye. Kama leo tunamuacha, itakuwa ametufundisha. Tutarudi Kolwezi tukiwa tumebadilika sawa yeye. Ni hiyo unataka?"

Louis alitema mate chini. Kisha akakunja mikono ya shati.

Bilonda alichemsha maji mwenyewe, kwa kuni za wakwe, akayapeleka hadi mlangoni, maana mwanamke haingii. Louis alifunga kitambaa puani akaingia. Alikaa ndani kwa muda mrefu. Alitoka mara mbili kuvuta pumzi na kuomba maji mengine. Mara ya tatu aliomba shati. Katika sanduku la marehemu yalikuwamo mashati manne na tai tatu. Bilonda alitoa shati jeupe, akaziacha tai sandukuni.

Jeneza lilitengenezwa kwa mbao za makreti ya reli. Katekista wa Kasaji aliuliza jina la kusomwa katika sala, na Bilonda akamtajia: Kalombo. Wanaume wa Kasaji walibeba jeneza kwa kuwa Louis asingeweza peke yake, naye akatangulia mbele na msalaba. Wakwe walifuata nyuma kabisa, kama inavyowapasa.

Makaburini katekista alisoma zaburi na kusali Baba Yetu. Waliimba wimbo mmoja wa wafu, nusu ya watu wakiujua. Louis alirusha udongo wa kwanza. Bilonda akafuata, kisha Abigaëlle na Shekina, kisha Fidélie. Bilonda alifanya ishara ya msalaba, akamwomba Mungu ampokee mtumishi wake Kalombo na amhukumu Mwenyewe. Wachimbaji walijaza kaburi, wakasimika msalaba, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kunawa mikono.